Hondohondo wa koko: namna ya kumtunza mnyama aliyejazwa nyumbani

Leo sitaongea siasa wala ajira. Nataka tuongee kitu ambacho pengine kiko nyumbani kwenu na hakuna anayekijali: mnyama mkavu. Ndege aliyesimama juu ya ubao, mtoto wa mamba aliyejazwa nyasi, ngozi ya chui ya mzee, pembe ya swala juu ya mlango. Vitu ambavyo mgeni anaviangalia dakika moja, halafu anaomba maji ya kunywa.

Kwetu alikuwa hondohondo. Yule ndege mkubwa mweusi wa msituni, akipita juu ya miti unasikia mabawa yake kabla hujamwona, na juu ya mdomo ana kitu kama kofia. Wa kwetu alikuwa na macho ya kioo na shingo imepinda kidogo, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Koko alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa plantasio huko Yahuma. Mzungu alipoondoka mwaka 1960 aliacha sahani, kitanda cha chuma na huyo ndege. Sahani zilivunjika, kitanda kiliuzwa. Ndege alibaki, na watu wote wa nyumbani walimwita Mzee.

Kwa miaka zaidi ya hamsini Mzee alikaa jikoni, pembeni ya utara ambao juu yake mama walikausha samaki na mahindi. Moshi ulimfanya mweusi kuliko alivyoumbwa. Kisha koko alifariki, na papa akaamua kumleta Kisangani. Pikipiki hadi mtoni, halafu balenyere, siku tatu tukipandisha mto, ndege amefungwa kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Tulimweka sebuleni, kwenye nyumba ya simenti, karibu na dirisha ili wageni wamwone vizuri.

Miaka miwili haikuisha. Asubuhi moja mama anafagia, anakuta unga wa rangi ya kahawia chini ya ubao, na manyoya mawili yamedondoka. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa biolojia, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Nilichukua dawa ya kupuliza ya mbu nikampulizia mwili mzima. Manyoya ya kifuani yalishikana kama nywele zilizopakwa gundi, na hayo madoa yapo mpaka leo. Dada yangu naye akaona mdomo umechakaa, akaupaka mafuta ya mawese. Ukang'aa siku tatu, halafu ukanasa vumbi lote la barabara. Miguu ikafutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya unga. Kila mtu alifanya kwa upendo, na kati yetu tulimharibu kuliko moshi wa miaka hamsini.

Sasa tuanze na swali ambalo nilipaswa kujiuliza kwanza: ndani ya yule ndege kuna nini?

Wengi wanadhani mnyama aliyejazwa ni mzoga uliokaushwa. Hapana. Kazi hiyo, taksidemia, ni kuchuna ngozi na manyoya yake, kutupa nyama na matumbo, kupaka dawa upande wa ndani wa ngozi, halafu kuivalisha ngozi hiyo juu ya mwili wa bandia: waya, nyasi kavu, pamba, uzi, wakati mwingine udongo au mbao. Kwa ndege, vinavyobaki kuwa vyake mwenyewe ni ngozi, manyoya, mdomo, miguu, fuvu na vifupa vichache vya mabawa. Macho ni ya kioo. Kwa maneno mengine, unamtunza kama nguo ya bei iliyotundikwa juu ya mti. Ukimfikiria hivyo, maadui zake unawajua tayari, kwa sababu ndio maadui wa koti la sufi: wadudu, unyevu, jua, na mikono ya watu.

Wadudu ndio wabaya zaidi. Wako wa aina mbili. Wa kwanza ni nondo mdogo wa nguo, rangi ya majani makavu, anayependa giza. Yeye mwenyewe hali kitu. Mtoto wake, kiwavi, ndiye anayekula manyoya na nywele. Wa pili ni mdudu mgumu wa mviringo, mdogo kama punje ya mtama, na kiwavi wake ana vinywele mwilini. Huyo anakula ngozi kavu, manyoya, hata mabaki ya mafuta kwenye fuvu. Yuko kila mahali, na kazi yake msituni ni nzuri: anasafisha mizoga. Mama zetu wanaouza samaki wa moshi wanamfahamu, ni ndugu wa wale wanaogeuza samaki kuwa unga ndani ya kikapu. Jinsi ya kumtambua: unga chini ya mnyama, maganda matupu ya viwavi, na manyoya yaliyokatika kwenye shina. Ukiona mdudu mzima anatembea dirishani, ujue watoto wake wako ndani siku nyingi.

Kuna pia nondo wa pembe. Hapa Afrika kuna nondo ambao viwavi wao wanakula pembe yenyewe, na wanajenga vijibomba vya udongo na kinyesi vinavyotoka nje ya pembe kama vidole. Ukikuta pembe za swala za mzee zimeota vidole, si uchawi. Pembe, manyoya, kucha na nywele zako zote zimejengwa kwa protini moja, keratini, na kuna viumbe wachache wanaoweza kuimeng'enya.

Basi kwa nini Mzee alidumu jikoni na kuanza kuliwa sebuleni? Swali hili lilinisumbua hadi nilipolifikiria kwa utulivu. Kisangani hewa ina unyevu mwingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 80. Majumba ya makumbusho yanajaribu kubaki karibu na asilimia 50, na ukipita 65 au 70 kwa muda mrefu, ukungu unaanza kuota. Juu ya moto wa kuni hewa ni kavu kila siku, asubuhi na jioni, na moshi una vitu ambavyo wadudu hawavipendi na ukungu hauvipendi. Ndiyo sababu samaki wa moshi anafika sokoni. Babu zetu hawakuwa na kipimo cha unyevu, walikuwa na utara. Sisi tulimtoa mahali pakavu tukamweka kwenye ukuta wa simenti unaotoa jasho wakati wa mvua, tukafungua dirisha, tukaliita hilo maendeleo.

Lakini msikimbilie kumrudisha jikoni. Kuna jambo zito hapa, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Katika karne ya 18, mfamasia mmoja wa mji wa Metz, Ufaransa, jina lake Jean-Baptiste Bécoeur, alitengeneza sabuni ya kupaka ndani ya ngozi za ndege. Ndani yake kulikuwa na kafuri, chokaa, sabuni ya kawaida, na arseniki. Ndiyo, sumu ile ile ya kuua panya. Makusanyo ya ndege wa wakati huo yalikuwa yakiliwa yote na wadudu, na sabuni hii iliyaokoa, kwa hiyo ilienea dunia nzima. Watu waliendelea kutumia arseniki mpaka ndani ya karne ya 20, mahali pengine hadi karibu miaka ya 1980. Na arseniki haiozi. Haipungui nguvu kwa kuzeeka. Iliyopakwa mwaka 1955 bado ni sumu leo, na kadiri ngozi inavyopasuka, inatoka nje pamoja na vumbi. Wakati mwingine unaiona kama unga mweupe kwenye mizizi ya manyoya, kando ya macho na kwenye mishono. Wakati mwingine huoni kitu kabisa.

Sasa mkumbuke Mzee alikuwa wapi. Juu ya sufuria za pondu. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Siwezi kusema nani aliumwa nini kwa sababu ya ndege yule, na sitaki kuzusha. Ila hilo jambo halinitoki kichwani.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabla ya brashi, kabla ya dawa: mnyama yeyote aliyejazwa zamani, ambaye hujui alitengenezwa lini na kwa dawa gani, mhesabu kuwa ana sumu. Mshike kwa glavu, vaa barakoa, usile wala kunywa karibu yake, nawa mikono kwa sabuni baadaye hata kama ulivaa glavu. Asikae jikoni, asikae juu ya kitanda, na watoto wasimfanye mdoli. Vumbi linalodondoka usilifagie kwa ufagio mkavu likaruka. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, kitambaa ukifunge kwenye mfuko na usikifue kutumia tena. Na usimkung'ute wala kumpiga kama mkeka. Nimewahi kuona mtu anafanya hivyo na ngozi ya zamani, mdomo wazi, huku anacheka.

Mtaniuliza: kama ana arseniki, mbona wadudu wanamla? Kwa sababu sumu ilipakwa ndani ya ngozi. Ncha za manyoya, mdomo na miguu mara nyingi hazikuguswa. Nondo anakula anapopaona pana usalama, kama sisi wote.

Tufike kwenye matibabu. Kwanza mtenge mgonjwa. Mfungie kwenye mfuko mkubwa wa plastiki na ufunge vizuri, ili wadudu wasihamie kwenye nguo na vitabu vyako. Hata kwa mnyama mpya aliyetoka kijijini, wiki kadhaa ndani ya mfuko na karatasi nyeupe chini yake zitakuambia ukweli: ukiona unga mpya juu ya karatasi, kazi ipo.

Dawa inayotumiwa na makumbusho mengi leo si kemikali. Ni baridi. Mnyama anafungwa ndani ya plastiki, hewa inatolewa kadiri inavyowezekana, anawekwa kwenye frigo ya kugandisha, nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, wiki mbili nzima. Baridi hiyo inaua mayai, viwavi na wadudu wazima. Ukimtoa, usifungue mfuko! Ngoja siku moja au zaidi mpaka apate joto la chumba, vinginevyo maji yatatanda kwenye manyoya kama yanavyotanda kwenye chupa ya bia iliyotoka baridini.

Vizuri, lakini umeme wa kwetu mnaujua. Baridi ikikatika katikati, wadudu wengine wanapona, kwa hiyo siku zinahesabiwa upya tangu mwanzo. Mimi nilipata wazo ambalo niliona ni la akili kabisa: kumwomba mama mmoja anayeuza thomson sokoni, ana frigo kubwa na jenereta yake, anipe kona moja kwa wiki mbili. Tulikuwa tumeshakubaliana bei. Mwalimu mmoja wa kitivo nilipomweleza, aliweka kalamu chini akaniangalia. «Unataka kuweka arseniki kwenye samaki za watu?» Sikuwa nimefikiria. Nilijua sura nzima ya sumu, nilijua sura nzima ya baridi, na sikuwa nimeziunganisha. Basi nawaambia kama nilivyoambiwa: frigo ya chakula, hapana, hata ukifunga mifuko mitatu.

Nilimpata fundi wa frigo, komini ya Tshopo, aliyekuwa na frigo moja bovu la nje, mfuniko umefungwa kwa kamba, ambalo halingerudi tena kuwekwa chakula. Alinicheka, lakini alikubali. Umeme ulikatika siku ya tisa, tukaanza tena moja. Kwa jumla Mzee alikaa baridini siku ishirini na tatu.

Kama huna frigo kabisa, kuna kazi ya subira: kila wiki unamkagua kwa tochi, unatoa viwavi kwa kibanio na brashi, unaviua, unabadilisha karatasi. Inapunguza, haimalizi. Naftalini watu wanaitumia sana. Inafukuza zaidi kuliko inavyoua, na mvuke wake si mzuri kwa mapafu ya watu, hasa watoto wachanga. Ndani ya chumba mnacholala msiitie. Dawa za kupuliza mnajua maoni yangu, kifua cha Mzee ni ushahidi. Jua kali nalo linaua wadudu wengine, lakini linakausha ngozi ikapasuka na linafifisha rangi, na rangi iliyofifia hairudi hata ufanye nini.

Baada ya wadudu, kusafisha. Brashi laini sana, kama ya wanawake ya poda, unapangusa kufuata manyoya yalivyolala, kutoka mzizi kwenda ncha, taratibu, nje ya nyumba penye upepo mdogo, wewe ukiwa upande upepo unakotokea. Macho ya kioo na mdomo, pamba yenye unyevu kidogo tu. Mafuta, hapana. Sabuni pia hapana, na hapa kuna kisa kizuri cha kemia. Turako, wale ndege wa msituni wenye mabawa mekundu ambayo manyoya yake watu huvaa kichwani kwenye sherehe, wana rangi nyekundu yenye madini ya shaba ndani yake. Rangi hiyo inayeyuka kwenye maji yenye sabuni. Ukilifua unyoya hilo, unaona maji yanakuwa mekundu na unyoya unabaki umepauka. Kofia ya chifu inaweza kuharibika kwa ndoo moja tu.

Masizi ya Mzee hayakutoka kwa brashi peke yake. Nilijaribu pamba yenye alkoholi kidogo ya duka la dawa, kwanza kwenye unyoya uliojificha chini ya bawa kuona kama rangi itatoka. Haikutoka, yalitoka masizi. Nikaendelea, jioni nne, unyoya kwa unyoya. Nilipofika kichwani, pamba ilikuwa inatoka nyeusi, nyeusi, halafu chini yake ikaonekana rangi ya kahawia, kama udongo wa Yahuma baada ya mvua. Nilifikiri nimemharibu. Nikaenda kuangalia kitabu. Hondohondo wa aina hii, dume ana kichwa cheusi. Jike ndiye mwenye kichwa na shingo ya kahawia, na kofia ya mdomo wake ni ndogo. Miaka sitini tunamwita Mzee, kumbe ni mama!

Mama yangu mzazi alicheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu mahali pa kumweka: mbali na dirisha, mbali na ukuta wa nje, acha nafasi ya hewa nyuma yake. Sanduku la kioo ni zuri, ila seremala asitumie mbao mbichi wala kupaka vanishi halafu mkafunga siku hiyo hiyo. Mbao mbichi na vanishi mpya hutoa mvuke unaoharibu. Ndani weka vile vifuko vidogo vyenye punje vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu, vinanyonya unyevu, na ukivikausha kwenye joto dogo vinafanya kazi tena. Mchele watu wanausifia, lakini kwetu mchele unaita fukusi, utaongeza wageni. Ngozi za wazee usizikunje, zitakatika kwenye mkunjo. Ziviringishe na kitambaa safi cha pamba katikati, na mara moja kila mwezi zifungue kivulini uzikague.

Sasa jambo ambalo tunalisahau kuliko yote: karatasi. Hondohondo wetu alikuwa na kikaratasi kilichofungwa mguuni kwa uzi. Wote tunakikumbuka. Dada alikikata tulipofika Kisangani kwa sababu kilikuwa kichafu na hakikupendeza mbele ya wageni.

Niwaambie kilichotokea kwa ndege wengine wawili wa Kongo. Mwaka 1909 kijana wa Marekani, James Chapin, alikuja huku na Herbert Lang kwa kazi ya makumbusho ya New York, wakabaki hadi 1915, kazi yao kubwa ikiwa kwenye misitu ya kaskazini mashariki. Mwaka 1913 huko Avakubi, Ituri, Chapin aliona kwenye kofia ya mtu unyoya wenye mistari asioufahamu. Hakuna ndege aliyelingana nao. Aliuhifadhi miaka na miaka. Mwaka 1936 alikuwa Tervuren, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Kongo, na juu ya kabati kwenye korido akakuta ndege wawili waliojazwa, wamewekwa pembeni. Kikaratasi chao kilisema ni tausi wa India, wachanga, walioletwa kutoka nje. Chapin akaangalia bawa: unyoya wake wa Avakubi ulikuwa pale. Ndege hao walikuwa wametoka Kongo, zawadi ya kampuni moja ya Kasai, na ndani ya nyumba ya wataalamu walikuwa wamelala karibu miaka ishirini na miwili bila kuonekana. Hivyo tausi wa Kongo akapewa jina la kisayansi, Afropavo congensis. Mwaka uliofuata Chapin alirudi huku kumtafuta akiwa hai, wakati wawindaji wetu walikuwa wanamla tangu zamani.

Wadudu hawakuwagusa ndege wale. Kilichowaficha ni maneno manne ya uongo kwenye kikaratasi. Na okapi ni karibu vile vile: wataalamu wa London walipata kwanza vipande vya ngozi vilivyokuwa mikanda ya watu, wakamwita mnyama wa jamii ya farasi. Ngozi nzima na mafuvu vilipofika mwaka 1901, ikajulikana ni ndugu wa twiga. Msidhani hayo yameisha. Lesula, tumbili wa msitu wa Lomami, amepewa jina la kisayansi mwaka 2012 tu, na watafiti walimwona mara ya kwanza mwaka 2007 Opala, amefungwa nyumbani kwa mkuu wa shule. Opala si mbali na kwetu. Ndiyo maana nasema kitu kilicho kwenye ukuta wa mzee wako, chenye mahali na mwaka, kinaweza kuwa na neno la kusema. Bila mahali na mwaka ni pambo.

Kabla sijamaliza, msije mkasoma hapa mkaenda kutafuta mnyama wa kujaza. Naongea juu ya vya zamani. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ya uhifadhi wa asili ipo, na wanyama wanaolindwa si wa kuua, kushika wala kuuza, hata vipande vyao. Chui, pangolini na kasuku wa kijivu biashara yao ya kimataifa imekatazwa. Ukivuka mpaka na ngozi ya chui kwenye begi, hadithi ya babu haitakuokoa. Una kitu cha urithi na una wasiwasi, uliza ICCN kabla ya kukisafirisha. Na mnyama uliyemkuta amekufa msituni usimguse, hata awe mzuri namna gani. Yambuku, mahali Ebola ilipojulikana mwaka 1976, ni ng'ambo ya mto tu upande wa Bumba. Kwa ushauri wa makusanyo, Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai (CSB) hapa Chuo Kikuu cha Kisangani ndicho kilicho karibu yetu.

Kikaratasi cha Mzee hakikupatikana. Nilimpigia simu papa mkubwa, mdogo pekee wa koko aliyebaki Yahuma, masikio yake hayasikii vizuri, ikabidi mjukuu wake awe anarudia maswali yangu kwa sauti. Nilimwuliza mzungu alimpiga risasi wapi yule ndege. Akasema: mzungu gani? Ni koko wako aliyemleta. Alidondoka kutoka kwenye tundu la mti, mti ulipokatwa kwa ajili ya plantasio. Ndani ya tundu mlikuwa na yai. Mzungu alilipa, akamjaza mwenyewe juu ya meza ya kulia, na koko alikataa kupika juu ya meza ile wiki nzima.

Jike wa hondohondo, mnajua, akitaga anajifungia ndani ya tundu na kuliziba kwa udongo, dume analeta chakula kupitia ufa mdogo. Hawezi kukimbia. Kwa hiyo hata bila kichwa cha kahawia, papa mkubwa alikuwa na jibu siku zote. Hakuna aliyemwuliza.

Nimeandika kikaratasi kipya kwa kalamu ya risasi, maana wino unafifia na kupaka, nikakifunga mguuni kwa uzi wa pamba, na nakala nimeiweka kwenye bahasha ya vyeti vyangu:

Hondohondo, jike. Tundu la mti, plantasio, Yahuma. Kabla ya Juni 1960, mwaka haujulikani. Aliletwa na koko, akajazwa na mwajiri wake. Habari: papa mkubwa, kwa simu. Jikoni hadi alipohamishiwa Kisangani. Madoa ya kifuani: mimi. Ana sumu, tumia glavu.